Tunataka Wakunga wa Kiislamu, Lakini Nani Amemtoa Binti Yake?



Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji wa safu hii, wiki hii tuzungumzie jambo linaloigusa kila nyumba siku mama anaposhikwa na uchungu au mzee anapolazwa, nalo ni kazi ya uuguzi na nafasi ya mabinti zetu ndani yake.

Katika kazi yangu ya ukatibu wa msikiti hapa Karatu, moja ya simu ninazozipokea mara kwa mara ni ya mume aliyesimama nje ya wodi ya wazazi. Hutoa salamu kwa haraka, kisha huuliza: "Ustadh, hakuna sista wa Kiislamu unayemfahamu hapa? Mke wangu anaona haya." Ombi hili ni la haki. Haya ni sehemu ya imani, na mwanamke ana haki ya kutamani kuhudumiwa na mwanamke mwenzake anayeijua dini yake. Lakini ninapolifungua daftari la madrasa yetu na kuwatazama mabinti waliohitimu kidato cha nne, kisha nikahesabu ni wangapi waliopelekwa vyuo vya uuguzi, vidole vya mkono mmoja vinanitosha, na vingine vinabaki.

Makala haya yanamhusu mmoja wao. Ni binti wa muumini wetu, na sasa yuko mwaka wa tatu wa masomo yake. Nimepata idhini yake na ya wazazi wake kuyasimulia aliyoyapitia katika mafunzo kwa vitendo. Jina lake, chuo chake na hospitali alikopangiwa sitavitaja, kwani habari za wagonjwa ni amana, na yeye mwenyewe alinisimulia kwa sharti hilo. Hakunitajia jina la mgonjwa hata mmoja.

Baba aliyetaka kumrudisha nyumbani

Muhula wa kwanza haukuwa umekwisha, baba yake alipokuja ofisini kwetu baada ya swala ya Alasiri. Alikuwa amesikia kwamba wanafunzi wa kike hupangwa zamu za usiku, kwamba hugusa miili ya wanaume, na kwamba sare ya chuo ina mikono mifupi. "Ustadh," alisema, "mimi nilimpeleka akasome, sikumpeleka akavuliwe stara. Nipeni barua nimtoe."

Mwenyekiti wetu hakumpa barua, wala hakumlaumu. Alimwambia, "Mzee mwenzangu, umesikia, sasa twende tukaone." Wakaenda watu watatu: baba, mwenyekiti na mama mmoja wa jumuiya yetu ya wanawake. Walipokelewa vizuri na mlezi wa wanafunzi, wakauliza walichotaka kuuliza. Waliambiwa kwamba mwanafunzi haachwi peke yake na mgonjwa usiku, bali huwa chini ya muuguzi mwenye leseni. Kwamba zamu ya usiku ina usafiri wa pamoja hadi bweni. Na kwamba kumwosha mgonjwa wa kiume au kumwekea mpira wa mkojo hufanywa na wauguzi wa kiume kila wanapokuwepo. Kuhusu sare, palipatikana maelewano. Binti anavaa hijabu nyeupe fupi iliyobanwa vizuri na mikono mirefu, na mikono hiyo hukunjwa wakati wa kunawa na wa kumhudumia mgonjwa, kwa sababu kitambaa kinachogusa kidonda hiki na kile hubeba maradhi.

Baba alirudi ametulia, lakini hakuwa ameridhika kabisa. Alibaki na swali moja, nalo ndilo zito kuliko yote: je, dini inaikubali kazi hii kwa mwanamke, au inaivumilia tu?

Hema lililojengwa msikitini

Jibu liko katika sira. Katika vita vya Handaki, mwaka wa 5 Hijria, Saad bin Muadh (r.a.) alipigwa mshale uliokata mshipa wa mkono wake. Mtume (s.a.w.) hakuagiza apelekwe mahali pa mbali. Aliamuru akae katika hema ndani ya msikiti wa Madina, ili awe karibu naye na aweze kumzuru. Mwanamke aliyekuwa akiwauguza majeruhi katika hema lile ni Rufaida wa kabila la Aslam. Mtume (s.a.w.) alikuwa akipita asubuhi na jioni kumjulia hali Saad. Basi mgonjwa wa kiume alilazwa msikitini, mikononi mwa muuguzi wa kike, na kiongozi wa umma akimtembelea mara mbili kwa siku.

Rufaida hakuwa peke yake. Ummu Atiyya (r.a.) alifuatana na Mtume (s.a.w.) katika safari saba za jihadi, akipika chakula, akiwatibu majeruhi na kuwahudumia wagonjwa. Rubayyi binti Muawwidh (r.a.) alisimulia jinsi wanawake walivyokuwa wakiwanywesha maji wapiganaji na kuwauguza waliojeruhiwa. Imam Bukhari aliweka katika Sahihi yake mlango maalumu kuhusu wanawake kuwatibu majeruhi vitani, na katika kitabu cha tiba akaweka mlango wa swali lilelile la baba yetu: je, mwanamume amtibu mwanamke, au mwanamke amtibu mwanamume? Kumbe swali si geni, na wanazuoni hawakuliogopa. Waliruhusu pale penye haja, kwa mipaka: haja ikadiriwe kwa kiasi chake, kisifunuliwe ila kinachohitaji kutibiwa, na wa jinsia moja atangulizwe anapopatikana.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka wa 505 Hijria, alikwenda mbali zaidi. Katika Ihyaa Uluumid-Diin aliihesabu elimu ya tiba kuwa ni faradhi ya kutosheleza: wakiisimamia baadhi ya watu, wengine husalimika na dhambi; wakiiacha wote, mji mzima huingia lawamani. Kisha akalalamika kwamba ipo miji isiyo na tabibu Muislamu hata mmoja, ilhali wanafunzi wamejazana katika mijadala ya fiqhi ambayo tayari ina watu wa kutosha. Maneno hayo yana zaidi ya miaka mia tisa, na ukiyasoma hapa Karatu utadhani mwandishi alipita mtaani kwetu jana.

Wazungu humtaja Florence Nightingale, aliyezaliwa tarehe 12 Mei 1820, kuwa mama wa uuguzi wa kisasa, na Siku ya Wauguzi Duniani huadhimishwa katika tarehe hiyo ya kuzaliwa kwake. Mchango wake hatuukatai. Alipokwenda kuwahudumia askari wa Kiingereza katika vita vya Krimea mwaka 1854, alionesha kwamba usafi na mpangilio mzuri wa wodi ni sehemu ya tiba. Lakini binti wa Kiislamu anayeingia wodini ana haki ya kujua kwamba kabla ya Nightingale kwa zaidi ya miaka 1,200, hema la Rufaida lilikuwa limeshasimama.

Wiki za mwanzo wodini

Tumrudie mwanafunzi wetu. Alidhani mafunzo ya hospitali yataanza na sindano. Yalianza na kitanda. Alifundishwa kukitandika bila kuacha mkunjo, kwa kuwa mkunjo wa shuka chini ya mgonjwa asiyeweza kujigeuza humzalia kidonda. Akafundishwa kunawa mikono, jambo alilodhani analijua tangu utotoni. Shirika la Afya Duniani limeweka nyakati tano za muuguzi kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa juu, kama kufunga kidonda, baada ya kukutana na damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyo karibu naye. "Nilipozisikia nyakati tano," aliniambia, "nilicheka moyoni, kwa sababu hakuna darasani aliyezoea kunawa kwa ratiba kuliko mimi."

Kisha zikaja dalili za uhai: joto la mwili, mapigo ya moyo, upumuaji na shinikizo la damu. Kila moja huandikwa kwenye chati pamoja na saa iliyopimwa. Siku moja alimkuta mzee amelala, akaona huruma kumwamsha, akaacha nafasi wazi kwenye chati. Muuguzi kiongozi wa zamu, mama wa Kiiraqw mwenye miaka mingi kazini, alimwita pembeni akamwambia kwa upole: "Mwanangu, huruma isiyopima haimsaidii mgonjwa. Muamshe, umwombe radhi, upime." Alipopima, joto la mzee lilikuwa juu sana, na daktari aliitwa mara moja.

Ugumu aliokuwa hakuutarajia ulikuwa wa lugha. Wodi za Karatu hulaza Wairaqw, Wamaasai kutoka nyanda za Ngorongoro, Wadatoga na Wahadzabe wa upande wa Ziwa Eyasi, na wafanyabiashara wa kila kabila wanaofuata vitunguu vya Mang'ola. Baadhi ya wazee hawajui Kiswahili. Binti alianza kuandika katika daftari dogo maneno ya kuuliza maumivu yako wapi, yalianza lini, umekula nini. Kwa Kimaasai alianza na salamu peke yake. Akisema "takwenya" kwa bibi wa Kimaasai, bibi huitika "iko", na uso hufunguka hata kabla maneno mengine hayajapatikana.

Mama kutoka Ngorongoro

Wasomaji walio mbali na kwetu wajue kidogo mazingira yetu. Hifadhi ya Ngorongoro ilianzishwa mwaka 1959 kama eneo ambamo wafugaji na wanyamapori huishi pamoja. Ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ukungu hufunika barabara asubuhi, na usiku njia huwa ya nyati na tembo. Ndani ya hifadhi ipo Hospitali ya Endulen, iliyo chini ya Kanisa Katoliki, lakini maboma yametawanyika, na si kila mwenye uchungu huwahi kufika popote.

Siku moja alfajiri, gari la kukodi lilimleta mama kijana wa Kimaasai aliyekuwa amejifungua nyumbani usiku. Mtoto alikuwa salama kifuani kwa bibi yake. Mama kondo lake lilikuwa bado halijatoka, na shuka alilofunikwa lilikuwa limelowa damu. Mwanafunzi wetu alikuwa katika zamu ya leba. Alipewa kazi mbili: kupima shinikizo la damu kila baada ya dakika chache na kulisema kwa sauti, na kumshika mama mkono. Mama hakujua Kiswahili, na bibi pia. Mhudumu wa usafi wa wodi, aliyeijua lugha yao, aliacha fagio lake, akanawa, akasimama kichwani pa kitanda kuwa mkalimani.

Daktari alilitoa kondo, dripu zikatundikwa, sindano ya kukaza mfuko wa uzazi ikachomwa, lakini namba alizozisoma binti ziliendelea kushuka. Ilihitajika damu. Katika jokofu kulikuwa na chupa moja tu ya kundi lake. Mume alikuwa bado njiani kwa miguu kutafuta gari jingine. Aliyejitolea ni dereva wa lile gari la kukodi, kijana asiye ndugu yao wala wa kabila lao. Alipimwa, akafaa, akatoa. Mama alipona, na siku ya tatu aliruhusiwa kurudi nyumbani.

Nilimuuliza binti, alijisikiaje? Akanijibu: "Ustadh, katika chumba kile nilikuwa naogopa kila namba niliyoisoma. Lakini nililowaza zaidi ni msikiti wetu. Siku ya Ijumaa tunajaa hadi uani. Wangetoka kumi tu kila baada ya miezi michache, jokofu lile lisingekuwa na chupa moja."

Ndugu wasomaji, maneno hayo yaliletwa mbele ya kamati kama yalivyo, na nitayarudia mbele.

Tusisahau kwamba nchi yetu imepiga hatua kubwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama vitokanavyo na uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104. Katika kipindi hichohicho, wanawake waliojifungulia katika vituo vya afya waliongezeka kutoka 63 hadi 81 katika kila 100. Mwenye kushukuru na aseme alhamdulillah. Lakini mabadiliko hayo hayakushuka yenyewe. Yamebebwa na mikono ya wakunga na wauguzi wanaokesha, na katika mikono hiyo, ya mabinti zetu ni michache.

Usiku wa mfanyabiashara wa vitunguu

Katika zamu yake ya usiku ya wiki ya pili, binti alikuwa wodi ya wanaume pamoja na yule mama wa Kiiraqw. Kitanda cha mwisho alilala mzee aliyeletwa na wasamaria kutoka mnadani, mfanyabiashara wa vitunguu, mgeni katika wilaya hii. Hakuwa na ndugu karibu, na simu yake ilikuwa imezima. Hali yake ilikuwa nzito tangu jioni.

Usiku wa manane binti alimsikia akinong'ona. Alipoinama, alitambua kuwa anajaribu kusoma Fat-ha na inamkatikia njiani. Akasimama, akamtazama kiongozi wake kwa hofu ya kuvunja taratibu. Yule mama, ambaye ni Mkristo, alielewa bila kuambiwa. Alivuta pazia, akaleta kiti, akasema: "Kaa naye. Wagonjwa wengine nitawatazama mimi." Binti akakaa, akamlowesha midomo kwa pamba yenye maji, akamtamkia shahada taratibu kama tulivyofundishwa kuwafanyia wanaokaribia mauti, bila kumsumbua wala kumkariria mno. Mzee aliitamka mara moja, kwa sauti aliyoisikia yeye peke yake. Kabla ya adhana ya alfajiri alikuwa amekwisha kurejea kwa Mola wake. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Kulipokucha, kwa ruhusa ya uongozi wa wodi, binti alimpigia baba yake, na baba akanipigia mimi. Tukafuata taratibu za hospitali na za serikali ya mtaa. Simu ya marehemu ilipochajiwa ikapatikana namba ya mwanawe, naye kwa kuwa yu mbali akaturidhia tumzike hapa. Alioshwa, akavikwa sanda, akaswaliwa baada ya Adhuhuri na safu tatu za watu wasiomjua. Mwanawe alifika siku iliyofuata. Swali lake la kwanza halikuwa juu ya mali ya baba yake. Aliuliza: "Alikufaje? Alikuwa na nani?" Na sisi tulikuwa na jibu la kumpa.

Baba wa binti alikuwepo makaburini. Wakati wa kurudi alitembea kando yangu, kimya kwa muda mrefu, kisha akasema: "Ustadh, ile zamu ya usiku niliyokuwa naikataa ndiyo hii." Sikuwa na la kuongeza.

Maswali ya wazazi

Tangu habari hii ienee, wazazi kadhaa wamekuja kuuliza. Nitajibu kwa ufupi yale yanayojirudia.

Kwanza, masomo. Vyuo vya uuguzi ngazi ya stashahada hudai ufaulu wa kidato cha nne katika masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Mzazi asisubiri matokeo ndipo aanze kufikiri. Binti anayeacha sayansi katikati ya sekondari kwa sababu "hesabu ni za wavulana" amefungiwa mlango huu miaka miwili kabla ya kuubisha. Elimu ya dini ya madrasa ibaki palepale, kwani moja haiiondoi nyingine.

Pili, muda na usajili. Stashahada huchukua miaka mitatu, na anayehitimu hutakiwa kusajiliwa na kupata leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, lililo chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Mzazi ahakikishe kuwa chuo kinatambuliwa kabla hajalipa ada, maana wapo waliopoteza fedha na miaka.

Tatu, gharama. Tangu mwaka wa masomo 2023/24, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kutoa mikopo kwa baadhi ya fani za stashahada, zikiwemo za afya. Mzazi afuatilie masharti mapema na amsaidie binti kukusanya vielelezo. Anayesitasita kwa sababu za kidini amuulize mwanazuoni anayemwamini. Asikae kimya mpaka muda wa maombi upite.

Nne, swala na saumu. Mwanafunzi anaweza kupanga na wenzake wapokezane mapumziko, na uzoefu wa binti huyu ni kwamba anayeomba kwa adabu, na ambaye naye huwashikia wenzake zamu wakati wa sikukuu zao, hanyimwi dakika kumi. Ikitokea dharura ya kweli, kama kuwa ndani ya chumba cha upasuaji na mgonjwa yuko mezani, zipo ruhusa ambazo wanazuoni wamezieleza juu ya kuchanganya swala kwa haja bila ya kuifanya kuwa mazoea. Ajifunze kwa imamu wake mapema, kabla dharura haijamfika. Sare yake ya wodini aivue anapokwenda kuswali ikiwa imeingiwa na damu au najisi, na awe na vazi safi katika mkoba.

Tano, ndoa. Huulizwa kwa sauti ya chini: nani atamwoa anayekesha hospitali? Naliacha swali hili kwa vijana wa kiume wanaotupigia simu wakiwa nje ya wodi ya wazazi. Wao ndio wenye kulijibu.

Wajibu wetu wa pamoja

Wilaya yetu imejaaliwa watu waliotangulia katika kheri hii. Ipo Hospitali ya Kilutheri ya Karatu. Ipo pia hospitali ya FAME, iliyotokana na wanandoa wa Kimarekani, daktari Frank Artress na mkewe Susan Gustafson. Daktari huyo aliugua alipokuwa akipanda Mlima Kilimanjaro mwaka 2002. Baadaye waliacha maisha yao ya California, wakaja kuishi huku, na mwaka 2008 wakaanza kupokea wagonjwa. Wake zetu wamejifungua mikononi mwa watu hawa, na watoto wetu wametibiwa bila kuulizwa wanaswali wapi. Asiyewashukuru watu hajamshukuru Allah. Nasi basi tusitosheke na kupokea. Aliye na kisima cha jirani hushukuru anapochota, lakini hujitahidi naye achimbe.

Baada ya maneno ya binti kufikishwa mbele ya kamati, tumekubaliana mambo matatu, nami nayaandika hapa ili wasomaji wa misikiti mingine wayapime na wayaboreshe.

La kwanza ni kuchangia damu. Mtu mwenye afya njema, wa umri wa miaka 18 hadi 65, mwenye uzito usiopungua kilo 50, anaweza kutoa. Mwanamume kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya miezi minne. Kinachotolewa kwa mara moja ni takriban mililita 450, na mwili huirudisha kwa idhini ya Allah. Tumepanga na wataalamu waje baada ya swala ya Ijumaa kila robo mwaka. Mara ya kwanza walijitokeza watu wachache kuliko tulivyotaraji, na wa kwanza kukunja shati alikuwa yule baba aliyetaka barua ya kumtoa binti yake.

La pili ni mfuko mdogo wa wanafunzi wa afya, wa kike na wa kiume. Haulipi ada nzima. Hununua viatu vya wodini, saa yenye mshale wa sekunde ya kupimia mapigo, nauli ya kwenda kituo cha mafunzo, na chakula cha wiki za mwanzo. Mambo madogo kama hayo ndiyo huwarudisha nyumbani watoto wa maskini.

La tatu ni ziara za wagonjwa kila Jumamosi, kwa wagonjwa wote wa wodi na si Waislamu peke yao. Wageni huenda kwa zamu, kwa saa zilizoruhusiwa, wakiwa wametakasa mikono, na hawakai mpaka mgonjwa achoke.

Ndugu mzazi unayesoma ukurasa huu pamoja na familia yako, Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Suratul Maida kwamba mwenye kuihuisha nafsi moja ni kama aliyewahuisha watu wote. Muulize binti yako, na mwanao wa kiume pia, usiku huu baada ya chakula: ungependa kusoma nini? Akitaja uuguzi, usimkatishe. Mwache amalize.

Tunamwomba Allah awaponye wagonjwa wetu, awahifadhi akina mama wanaojifungua, amrehemu yule mzee mgeni na marehemu wetu wote, awalipe kheri wanaokesha kuwahudumia waja wake, na awajaalie mabinti zetu elimu yenye manufaa, stara na ikhlasi. Amin.

Wabillahi tawfiiq.